Kitabu cha Kifaransa cha Kangemi na Utendi wa Sandukuni

Wiki mbili zilizopita nilishuka matatu Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, nikaenda kumjulia hali binti wa marehemu kaka yangu aliyeolewa huko. Mwenye kuijua Nairobi ataufahamu mtaa huo. Umekaa upande wa magharibi wa mji, ukishapita Westlands, katika njia ya kwendea Naivasha na Nakuru. Nyumba za mabati na za ghorofa zimebanana bega kwa bega, na si mbali na hapo kuna majumba ya Loresho na Lavington yaliyojificha nyuma ya miti yake. Dunia iliusikia mtaa huu mwezi wa Novemba 2015, Papa Francis alipofika katika kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mimi naujua kwa mahamri ya binti huyu, ambayo huyakaanga alfajiri na kuyauza kwa wapanda matatu kabla jua halijapanda.

Nilikuwa nimewahi. Nikaona nipitie soko la mitumba, maana hapo pana mtu auzaye vitabu chini juu ya turubai, na mimi ni dhaifu mbele ya vitabu. Palikuwa na vitabu vya shule visivyo na majalada, magazeti ya zamani ya Kiingereza, Biblia kadha wa kadha, na kamusi iliyoliwa na panya kuanzia herufi ya mwisho. Katikati ya hivyo kilikaa kitabu kimoja kama bwana harusi aliyepotea njia akaingia kilioni. Kimejaladiwa kwa ngozi nyekundu ya mbuzi, mgongo wake una nakshi za dhahabu ambazo hazijafifia, na kingo za karatasi zake nazo zimepakwa dhahabu, hata ukikifunga hung'ara kama sanduku la pete.

"Mzee, hiyo si rangi, ni dhahabu yenyewe," akasema yule kijana. "Leta elfu mbili tu."

Nikamwuliza alikipata wapi. Akaniambia kuwa huvinunua vitabu kwa kilo kwa wanaohama, au kwa watoto wa marehemu wanaosafisha nyumba za huko juu. Hakujua kimeandikwa kwa lugha gani. Nami sikijui Kifaransa, ila jina lililokuwa mgongoni nililitambua: La Fontaine. Nikampelekea picha kwa simu mwalimu mmoja wa Kifaransa niliyezoeana naye mjini, naye hakukawia kujibu. Kitabu ni hadithi za La Fontaine zilizotungwa kwa mashairi, juzuu ya kwanza kati ya mbili, chapa ya karne ya 19 iliyoiga ile mashuhuri ya mwaka 1762. Akaongeza kwamba juzuu moja bila ya mwenziwe thamani yake hushuka sana, na kwamba nisikifungue mbele ya watoto.

Nilikuwa nimekwisha kukifungua. Nikakifunga.

Mtungaji huyo, Jean de La Fontaine, alizaliwa 1621 akafa 1695. Wengi wetu twamjua kwa ngano zake za wanyama, ambazo hufundishwa shuleni kote kunakosemwa Kifaransa. Lakini kabla ya ngano hizo, kuanzia miaka ya 1660, alitoa hadithi za mapenzi na hila za wanawake na watawa. Baadhi yake zilikuwa na ulimi mkali hata mkuu wa polisi wa Paris akazipiga marufuku mwaka 1675. Alipokuwa mzee na mgonjwa, Februari 1693, aliwaita mashahidi, akatubu hadharani na kuzikana hadithi hizo. Tazama basi mambo ya dunia. Mtungaji amezikana, amekufa na toba yake, na miaka 69 baadaye wakusanyaji kodi wa mfalme wa Ufaransa, watu waliotajirika kwa jasho la wakulima, wakatoa fedha zao hadithi hizo hizo zipigwe chapa kwa fahari isiyo kifani. Wakamwajiri Charles Eisen azichoree picha zipatazo 80, na kwenye ukurasa wa mbele wakaandika kuwa imechapwa Amsterdam ilhali ilichapwa Paris. Hiyo ndiyo chapa ya 1762 ambayo matajiri wa Ulaya wameigombania mnadani tangu hapo.

Nisije nikaonekana kuwa nimekwenda Kangemi kuwasema Wafaransa. Huyu La Fontaine ana deni kwetu, na yeye mwenyewe alikiri. Alipotoa fungu la pili la ngano zake, 1678, alisema katika dibaji kwamba sehemu kubwa ameitoa kwa mwenye hekima wa Kihindi aitwaye Pilpay. Pilpay ndiye Bidpai, na kitabu cha Bidpai sisi twakijua kwa jina la Kalila wa Dimna, kilichotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Ngano ya kobe aliyebebwa angani na bata wawili, akafungua kinywa akaanguka, imetoka huko. Na huko huko ndiko kulikotoka kisa ambacho Askofu Edward Steere alisimuliwa Unguja akakipiga chapa London mwaka 1870, kisa cha kima na papa, na ndani yake punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Bibi zetu walikisimulia bila ya kujua kuwa kuna Mfaransa anayekunywa katika kisima kile kile.

Hata ile ngozi. Wafaransa huiita ngozi hiyo ya mbuzi kwa jina linalotokana na Moroko, kwa kuwa huko ndiko walikoijulia. Kupiga nakshi za dhahabu juu ya ngozi kwa chuma cha moto nako kulipita kwa mafundi wa nchi za Kiislamu kabla ya kufika Italia katika karne ya 15, na kutoka Italia kukaingia Ufaransa. Nilipokuwa nimekishika kitabu kile juu ya turubai nilihisi kama mtu aliyekutana na kanzu ya babu yake imevaliwa na mgeni.

Sikukinunua. Elfu mbili sikuwa nazo za kuchezea, na hata ningekuwa nazo ningekiweka wapi nyumbani kwangu? Nikaagana na kijana, nikaenda zangu.

Sasa ndiyo nafika katika jambo lililonitia kalamuni. Binti alinipokea vizuri, akanipa shikamoo yangu na chai ya tangawizi. Tulipokwisha kuulizana habari za pwani akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, nina jambo nataka unisaidie. Lile sanduku la baba, kuna mtu amelitaka."

Sanduku hilo nalijua. Ni la mti, dogo, limepigwa misumari ya shaba, na lilikuwa likikaa chini ya kitanda cha marehemu kaka. Baba yetu alimwachia yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Kaka alipofariki binti akalichukua, likapanda basi likaja Nairobi, na miaka yote hii limekaa Kangemi juu ya kabati, karibu na bati, mahali pa joto mchana na baridi usiku. Ndani mna misahafu miwili, kitabu cha mawlid, barua za biashara, na utendi mmoja wa kufa kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, ulioandikwa kwa mkono wa babu ya baba yetu. Umeandikwa kwa khati ya Kiarabu, wino mweusi, na kila kituo cha ubeti kimetiwa alama nyekundu. Jalada lake ni la ngozi iliyokoza hata imekuwa kama tende, nalo lina ule ulimi wa kukunjia mbele ambao vitabu vingi vya Kiislamu vya zamani huwa nao.

Dalali mmoja wa pwani, ambaye simtaji, alipata habari zake kwa jamaa. Akaomba picha kwa simu, akapelekewa. Akataja bei ya shilingi laki moja na nusu, akasema mnunuzi yuko ng'ambo na ana haraka. Binti ana mtoto wa kiume shule ya bweni, na karo ya muhula uliopita haijakwisha kulipwa. Mumewe ni dereva, na gari analoendesha liko gereji. Mahamri hayajengi nyumba. Aliniambia haya yote bila ya kulia wala kuomba, kama mtu anayesoma hesabu. Kisha akasema, "Mimi hata kusoma siwezi, Ami. Wewe unaweza. Nisomee japo kidogo nijue ninachouza."

Nikauchukua utendi nikauweka juu ya mto, nikatia bismillahi, nikaanza. Chuoni kwetu, fimbo ya mwalimu ilitufundisha kusoma Kiarabu. Kusoma Kiswahili kwa herufi hizo tulijifunza wenyewe nyumbani kwa wazee, kwa kuwa herufi za Kiarabu hazina baadhi ya sauti zetu, na msomaji hulazimika kujua neno kabla ya kulisoma. P huandikwa b, na ng'ombe aweza kuwa kitu kingine kabisa usipotazama mizani ya ubeti. Nilisoma taratibu. Alikuwa akitabasamu kila alipolitambua neno.

Kabla ya ubeti wa kwanza, pembeni mwa ukurasa, palikuwa na maandishi madogo ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa mshazari. Nikayapita kwanza, nikayarudia. Yalisema kwamba kitabu hiki ni wakfu kwa dhuria wa mwandishi na kwa kila mwenye kutafuta elimu, hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Chini yake pana jina lake na mwezi, na ombi kwamba mwenye kusoma amsamehe makosa ya kalamu na amwombee dua.

Msomaji wangu wa pwani haihitaji nimweleze uzito wa neno hilo. Mali ya wakfu imekwisha kutoka katika milki ya mwanadamu, imezuiwa kwa Mwenyezi Mungu, na manufaa yake ndiyo yanayoachiwa waja. Baba yetu hakuwa nayo ya kumwachia kaka, wala kaka hakuwa nayo ya kumwachia binti. Walikuwa walinzi tu. Na binti, kwa kutojua herufi zile, alikuwa ukingoni mwa kuuza kisichokuwa chake, na Mungu angemjua kuwa hakujua. Mimi sasa nimejua.

Nikarudi nyumbani na fikira mbili, kitabu cha Mfaransa na kitabu cha babu, na kila nilivyozipima niliona mizani ina kasoro.

Ya kwanza ni ya sheria. Kenya tunayo Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, ambayo inakataza vitu vya kale kutolewa nchini bila ya kibali. Sheria hiyo inapoeleza kitu cha kale ni nini, inasema ni kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, ila kitabu au waraka. Soma tena, bwana: ila kitabu au waraka. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946 umelindwa kwa jina lake. Ukiung'oa mlango wa Lamu ukaupeleka bandarini, afisa ana haki ya kukukamata. Lakini chuo kilichokuwa ndani ya nyumba ile, nyuma ya mlango ule, maelezo hayo ya kitu cha kale yamekiacha nje. Nimetumia neno chuo kwa maana yake ya zamani, kwa wazee wetu chuo kilikuwa kitabu kabla ya kuwa madarasa, na huenda laiti aliyeandika sheria angelijua hilo angelitafakari zaidi. Ipo Sheria ya Nyaraka ya 1965 iliyosimamisha Hifadhi ya Taifa, lakini hiyo shughuli yake hasa ni karatasi za serikali. Utendi wa sandukuni Kangemi umeanguka katikati ya viti viwili.

Sisemi kuwa walioandika sheria walikuwa na nia mbaya. Naona walikuwa na picha fulani vichwani mwao, kwamba turathi ya Mwafrika ni ya mti, ya mawe na ya udongo, na kwamba vitabu vililetwa na meli za Wazungu. Ukiwa na picha hiyo huoni haja ya kulinda vitabu. Lakini Bwana Mwengo wa Athumani alikuwa akitunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, naye hakungoja meli yoyote. Siyu, katika kisiwa hicho hicho, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu wakaipamba kwa nyekundu, nyeusi na manjano, juu ya karatasi iliyokuja kwa jahazi kutoka Ulaya, na mafundi wa ngozi walikuwa mtaa wa pili. Msahafu mmoja wa Siyu ukiuweka pembeni ya kile kitabu cha Kangemi, hauoni haya.

Ya pili ni habari ya kurudishiwa. Siku hizi hakuna mwaka unaopita bila ya kusikia kuwa nchi fulani imerudisha kitu. Sisi wenyewe wa pwani tulisikia vigango 30 vya Wamijikenda vilivyorudi kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani, mwaka 2019. Mwaka 2021 palifanyika maonyesho Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, ya watafiti waliokuwa wakiorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, wakafikia zaidi ya vitu 32,000, na ndani ya ukumbi wakaweka makabati matupu kuonyesha pengo. Niliyapenda makabati yale. Lakini tukisema vitabu, hoja ya kurudishiwa huwa na kona nyingi, na mtu mkweli hana budi azipite zote.

Utendi wa Tambuka nakala yake ya kale iko Hamburg. Mamia ya kurasa za tenzi zetu ziko London, katika chuo cha SOAS, kwa mikono ya akina Taylor na Hichens. Je, ziliibwa? Nyingi hazikuibwa. Chukua habari za Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtunzi, mchonga mbao na mwandishi wa khati asiye na mfano, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alinakili tenzi kwa ajili ya Alice Werner, akanakili kwa Hichens, akanakili kwa Ernst Dammann aliyekaa Lamu mwaka 1936 na 1937, na alilipwa. Alijua anachofanya. Kama si kalamu yake na fedha zao, tenzi kadhaa leo tungezijua kwa majina tu, au tusingezijua. Nawashukuru wote. Hata hivyo namwuliza msomaji: Kijuma aliuza nakala, alizokaa akaziandika kwa mkono wake kwa ajili ya kuuzwa. Dalali wa leo anataka asili, tena asili yenye neno wakfu ubavuni. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, wala mtu asiyachanganye kwa kutuambia kuwa hata Kijuma aliuza.

Msikiti wa Riyadha wa Lamu umetuonyesha njia nyingine. Miaka zaidi ya kumi iliyopita vitabu vyake vya mkono vilipigwa picha kimoja kimoja, kwa msaada wa mradi wa maktaba ya Uingereza unaohifadhi nyaraka zilizo hatarini, picha zikaenda kwa wanaozihitaji duniani, na vitabu vikabaki Lamu rafuni mwake. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Mwanafunzi wa Oslo anasoma, na mwanafunzi wa Riyadha naye anasoma kama bado yupo anayeweza.

Na hapo ndipo panaponiuma. Tunalia kuwa vitabu vyetu viko Hamburg, lakini vilivyo Kangemi tunashindwa kuvisoma. Watoto wetu wanahifadhi Kurani, alhamdulillahi, na madrasa zimejaa, lakini nitajie madrasa tatu, Mombasa au Malindi au Lamu, ambamo mtoto anafundishwa kusoma utendi wa Kiswahili kwa herufi anazozijua tayari. Ni kazi ya miezi mitatu kwa mtoto aliyekwisha kuhitimu juzuu. Yule dalali kwa kweli amefanya biashara juu ya ujinga wetu, na ujinga huo hatukuletewa na Mzungu.

Nairobi yenyewe si mji mkavu wa vitabu vya kale. Ukitoka msikiti wa Jamia baada ya swala ya Ijumaa, jengo la pembeni lenye nguzo na simba wa mawe ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, na ambayo mpaka mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Waislamu walikuwa wakitawadha hatua chache kutoka rafu za vitabu wasivyoruhusiwa kuvigusa. Baadaye likachakaa, na ni kutoka mwaka 2017 ndipo kina mama wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walipoanzisha shirika la kulifufua pamoja na matawi yake ya Makadara na Kaloleni. Shuka Moi Avenue, uingie Hifadhi ya Taifa, utakuta mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 kwa miezi michache. Mtu huyo alipenda vitabu kama wengine wapendavyo mashamba. Alikuwa na vitabu zaidi ya 50,000, na yapata 8,000 kati yake vilichapwa kabla ya mwaka 1900. Wageni walivitaka kwa fedha nyingi, naye akaona heri serikali yake ivichukue. Huo ni mfano wa mtu mwenye nafasi. Binti wa kaka yangu hana nafasi hiyo. Murumbi alikuwa na nyumba Muthaiga, binti ana karai ya mafuta na jiko la makaa.

Kwa hivyo sitamfanyia hotuba mwanamke mwenye deni la karo. Nilimweleza maana ya yale maandishi ya pembeni, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akalifunga sanduku mwenyewe, akalirudisha juu ya kabati. Kisha akauliza swali ambalo tangu siku ile limeninyima usingizi.

"Wakfu nimeufahamu, Ami. Babu ameusia kitabu kisiuzwe, na hakitauzwa. Lakini wakfu huwa na watu wake. Hao wenye kutafuta elimu na hao dhuria, wako wapi? Mbona mlinzi ni mimi peke yangu?"

Nilitafuta la kumjibu nikalikosa. Ni kweli kwamba fakihi hatamwambia mlinzi wa wakfu aukamue ili alishe watoto wake, lakini fakihi huyo huyo atakuambia kuwa wakfu una haki ya kutunzwa na gharama zake kutoka kwa wanaonufaika. Nyumba ya wakfu ikivuja hupauliwa kwa kodi yake. Kitabu hakina kodi. Tume ya Wakfu tunayo, nayo imezoea majumba, viwanja na mashamba, na sijasikia ikihesabu vitabu. Ingekuwa jambo zuri kama ingeanza, japo kwa daftari moja: kitabu gani, kiko kwa nani, kina maandishi gani pembeni. Daftari halihitaji sheria mpya. Dalali akijua kuwa kitabu kimeandikwa mahali, bei yake hubadilika na haraka ya mnunuzi wake hupungua. Na wabunge wetu wa pwani, ambao huwasikia wakigombea viwanja vya fukwe kila msimu, wangeweza siku moja wakayaondoa yale maneno manne katika sheria ya 2006, ila kitabu au waraka, bila ya kuigharimu hazina senti.

Hayo ni ya kesho. Ya leo ni karo. Usiku ule ule nilifungua orodha ya dhuria wa yule babu ninaowajua. Tuko Mombasa, Lamu, Malindi, wawili wako Maskati na mmoja yuko Toronto. Nikawaandikia wote ujumbe mmoja, nikautia picha ya yale maandishi ya pembeni na tafsiri yake, nikawaambia kuwa mlinzi wa wakfu wao yuko Kangemi na ana deni, na nikataja kiasi.

Mpaka ninapoandika haya wanne wamejibu. Binamu wa Malindi ametuma elfu tatu na akaomba apelekewe picha za kurasa zote. Wa Toronto ametuma nyingi zaidi, na kuniuliza kama kuna mtu wa kumfundisha mwanawe kuzisoma hizo herufi kwa simu, nami nimesema nitamfundisha mwenyewe. Mzee mmoja wa Lamu hana kitu ila ametuma dua na jina la fundi wa majalada. Wa nne ameniuliza dalali alitaja bei gani.

Jumamosi nilirudi Kangemi kupeleka kilichopatikana, hakijatimia nusu. Nilipita tena kwa yule kijana wa turubai. Kile kitabu chekundu hakikuwapo. Akaniambia kwa furaha kuwa amekiuza elfu nane kwa mtu aliyekuja na gari, wala hakupunguza.